Slaidi inapoficha ukweli: Funzo la Haydom na Hanang kwa watoa mada

MTOA mada anaposimama mbele ya ukumbi mjini Mbulu au Katesh siku hizi, kitu cha kwanza kinachotafutwa si kipaza sauti wala glasi ya maji, bali waya wa projekta. Kompyuta mpakato huwashwa, mapazia huvutwa, na ukutani hujitokeza slaidi ya kwanza yenye nembo, jina la ofisi na tarehe.

Baada ya hapo, mara nyingi mambo huharibika. Slaidi ya pili huwa na mistari 15 ya maandishi madogo, ya tatu huwa na jedwali lenye safu 12, na mtoa mada huwapa wasikilizaji mgongo akaanza kusoma. Walioketi mbele husoma pamoja naye. Walioketi nyuma huona ukungu. Hazipiti dakika 10, simu za mkononi huanza kutolewa mifukoni.

Hali hiyo ingekuwa ya kuchosha tu, na si ya kutisha, kama mambo yanayojadiliwa yangekuwa mepesi. Lakini katika wilaya za Mbulu na Hanang mkoani Manyara, kama ilivyo katika wilaya nyingine nchini, mikutano ya namna hiyo ndiyo inayoamua kuhusu maji, chanjo, barabara, mifugo na fedha za umma. Tangu Desemba 2023, mikutano hiyo inahusu pia tahadhari ya maafa.

Msikilizaji asiyeelewa leo huamua vibaya kesho. Ndiyo maana utengenezaji wa slaidi, jambo ambalo wengi hulichukulia kuwa ni pambo, unastahili kutazamwa kama sehemu ya kazi yenyewe.

Chombo kilichozaliwa mwaka 1987

Kabla ya kompyuta kuenea, watoa mada walitumia ubao na chaki, bango kitita, au karatasi laini za plastiki zilizowekwa juu ya mashine yenye taa ili maandishi yaonekane ukutani. Kuandaa kila karatasi kulichukua muda, hivyo mtu alifikiri mara mbili kabla ya kuongeza nyingine.

Mwaka 1987 kampuni ndogo ya Marekani, Forethought, ilitoa programu iitwayo PowerPoint kwa ajili ya kompyuta za Macintosh. Waliosimama nyuma ya kazi hiyo walikuwa Robert Gaskins na Dennis Austin. Mwaka huo huo Microsoft iliinunua kampuni hiyo kwa dola milioni 14, na baadaye programu hiyo ikasambaa duniani kote.

Urahisi huo ulikuja na gharama yake. Kilichokuwa kazi ya siku nzima kikawa kazi ya dakika chache, na kila wazo likapata slaidi, hata lile lisilostahili. Programu nayo ikazoesha watu umbo moja: kichwa kifupi juu, kisha orodha ya vidoti chini yake. Watoa mada wengi huanza kujaza orodha hiyo kabla ya kujiuliza wanataka kusema nini.

Kilichoandikwa chini kabisa

Mfano unaotajwa zaidi duniani kuhusu hatari ya slaidi mbovu unatoka katika shirika lenye wahandisi wa hali ya juu, shirika la anga la Marekani, NASA.

Januari 2003 chombo cha anga cha Columbia kilirushwa, na muda mfupi baadaye kipande cha povu la kuhami joto kikabanduka na kugonga bawa lake la kushoto. Wakati chombo kikiwa bado angani, wahandisi waliwasilisha kwa viongozi tathmini ya madhara yanayoweza kutokea. Tathmini hiyo ilikuwa katika slaidi.

Kichwa cha slaidi moja muhimu kilitoa picha ya kutuliza, kwamba takwimu za majaribio zilionyesha makadirio yamewekwa upande wa usalama. Chini ya kichwa hicho kulikuwa na ngazi kadhaa za vidoti, kila ngazi ikiwa na herufi ndogo kuliko iliyotangulia. Sehemu ya chini kabisa ndipo palipoandikwa ukweli mzito: kipande kilichogonga bawa kilikadiriwa kuwa na ujazo wa inchi za ujazo 1,920, wakati kile cha majaribio kilikuwa na 3 tu. Tofauti hiyo ni mara 640.

Kwa maneno mengine, majaribio yaliyotegemewa hayakufanana hata kidogo na kilichotokea. Ukweli huo ulikuwapo ukutani mbele ya macho ya wote, lakini ulikaa mahali ambapo jicho huwa limechoka.

Februari 1, 2003 Columbia ilisambaratika ikirejea duniani na wanaanga wote saba walipoteza maisha. Tume iliyochunguza ajali hiyo ilitoa ripoti yake Agosti mwaka huo, na pamoja na kueleza sababu za kiufundi, ilikosoa mazoea ya NASA ya kutumia slaidi badala ya ripoti kamili za kihandisi. Mtaalamu wa uwasilishaji wa takwimu, Edward Tufte, alikuwa ameichambua slaidi hiyo mstari kwa mstari.

Si haki kusema kuwa slaidi ndiyo iliyoua. Povu ndilo lililotoboa bawa. Hata hivyo, tukio hilo linathibitisha jambo moja ambalo kila mtoa mada anapaswa kulishika: kilicho kizito kikae juu, kiandikwe kwa herufi kubwa, na kisizungukwe na vyepesi.

Bango kitita la Haydom

Mfano wa upande wa pili haupo mbali na Mbulu. Upo Haydom, wilayani humo, katika hospitali ya Kanisa la Kiinjili la Kilutheri Tanzania (KKKT), Dayosisi ya Mbulu, ambayo historia yake inaanzia mwaka 1955.

Hospitali hiyo ilikuwa miongoni mwa hospitali nane za Tanzania zilizoshiriki tangu mwanzo katika mpango wa kuwafundisha wakunga na wauguzi namna ya kumsaidia mtoto mchanga anayezaliwa bila kupumua. Mpango huo uliandaliwa na chama cha madaktari wa watoto cha Marekani na washirika wake, na ulizinduliwa rasmi duniani mwaka 2010.

Zana yake kuu ya kufundishia haikuwa projekta. Ilikuwa bango kitita la mezani, mdoli wa mafunzo na karatasi moja kubwa ya ukutani.

Muundo wa bango hilo ndio wenye funzo. Ukurasa unaowaelekea wanafunzi una picha kubwa na maneno machache sana. Ukurasa wa nyuma, unaomwelekea mkufunzi, ndio wenye maelezo: nini cha kusema, nini cha kuuliza na nini cha kuonyesha. Picha ni za msikilizaji, na maneno ni ya msemaji.

Karatasi ya ukutani nayo ina kanda tatu za rangi. Kijani ni mtoto anayelia na kupumua vizuri, njano ni anayehitaji msaada, na nyekundu ni aliye katika hatari. Mkunga hufuata mishale kutoka hatua moja hadi nyingine. Jambo kuu, kwamba mtoto anatakiwa awe anapumua au anapuliziwa hewa ndani ya dakika moja baada ya kuzaliwa, limepewa jina lisilosahaulika: dakika ya dhahabu.

Matokeo ya mpango huo katika hospitali hizo nane yalichapishwa mwaka 2013. Vifo vya watoto wachanga ndani ya saa 24 za kwanza vilipungua kwa asilimia 47, na watoto waliozaliwa wafu muda mfupi baada ya kufa tumboni walipungua kwa asilimia 24.

Bila shaka si bango peke yake lililoleta mafanikio hayo. Lakini wabunifu wake walijua jambo ambalo watoa mada wengi wenye projekta hulisahau: mtu hawezi kusoma aya ukutani na wakati huo huo kumsikiliza anayezungumza.

Jicho na sikio havigombani bure

Profesa Richard Mayer wa Chuo Kikuu cha California, Santa Barbara, ambaye ametumia miaka mingi kuchunguza namna watu wanavyojifunza kwa picha na maneno, anaeleza kuwa akili ya binadamu hupokea yanayoonekana na yanayosikika kwa njia mbili tofauti, na kila njia ina kikomo chake.

Picha ikiambatana na sauti ya msemaji, njia zote mbili hufanya kazi kwa kusaidiana. Lakini msemaji anaposoma maneno yale yale yaliyoandikwa ukutani, msikilizaji hulazimika kuyafuatilia mara mbili kwa kasi mbili tofauti, kwa kuwa jicho husoma haraka kuliko ulimi unavyotamka. Matokeo yake ni uchovu na kusahau.

Kutokana na hali hiyo, aya ndefu hazina nafasi kwenye slaidi. Nafasi yake ni kwenye kabrasha linalogawiwa wajumbe, ambalo kila mmoja atalisoma kwa wakati wake. Maelezo ya msemaji yaandikwe katika sehemu ya vidokezo iliyomo ndani ya programu, ambayo yeye huiona kwenye kompyuta yake lakini haionekani ukutani. Hiyo ndiyo nyuma ya bango kitita la Haydom katika umbo la kisasa.

Kichwa kiwe sentensi

Kosa linaloongoza ni vichwa visivyosema kitu. "Hali ya Idadi ya Watu" ni kichwa cha namna hiyo. Msikilizaji hajui kama hali hiyo ni nzuri au mbaya, imepanda au imeshuka.

Mfano unaweza kuchukuliwa kutoka kwenye sensa. Mkoa wa Manyara, ulioanzishwa mwaka 2002 baada ya kumegwa kutoka Arusha, ulikuwa na watu 1,425,131 katika sensa ya mwaka 2012 na watu 1,892,502 katika sensa ya mwaka 2022.

Mtoa mada wa kawaida ataweka jedwali lenye namba hizo zote, pamoja na za kila wilaya, kwa wanaume na wanawake. Mtoa mada makini ataandika sentensi moja juu ya slaidi: "Wakazi wa Manyara wameongezeka kwa karibu theluthi moja ndani ya miaka 10." Chini yake ataweka nguzo mbili, moja ikiwa na milioni 1.4 na nyingine milioni 1.9. Basi.

Diwani anayesikia hivyo atajiuliza mwenyewe swali linalofuata: je, madarasa, visima na zahanati navyo vimeongezeka kwa theluthi moja? Slaidi imefanya kazi yake, na namba kamili zipo kwenye kabrasha kwa anayezihitaji.

Kanuni inayotokana na mfano huo ni rahisi. Slaidi moja ibebe jambo moja. Kama sentensi ya juu inahitaji kiunganishi cha "na" mara mbili, hizo ni slaidi tatu.

Grafu isiyodanganya

Kupunguza namba si ruhusa ya kupotosha. Mfano wa Haydom unafaa tena hapa. Utafiti uliochapishwa mwaka 2015 ulionyesha kuwa vifo vya watoto wachanga ndani ya saa 24 hospitalini hapo vilishuka kutoka 11.1 hadi 7.2 kwa kila watoto 1,000, baada ya kuanzishwa kwa mazoezi mafupi ya mara kwa mara kazini.

Grafu ya nguzo inayoanzia kwenye sifuri itaonyesha nguzo ya kwanza ikiwa ndefu kuliko ya pili kwa mara moja na nusu hivi. Hiyo ndiyo hali halisi, na ni mafanikio ya kujivunia.

Lakini mtu akiamua grafu ianzie kwenye 6 badala ya sifuri, nguzo ya kwanza itaonekana ndefu kuliko ya pili kwa zaidi ya mara nne. Namba hazikubadilishwa, ila jicho limedanganywa. Mjumbe mmoja tu akigundua hila hiyo, hata slaidi za kweli zilizobaki hupoteza heshima.

Kwa hiyo nguzo zianzie kwenye sifuri. Grafu ya mstari itumike kuonyesha mabadiliko ya miaka mingi. Grafu ya duara itumike pale tu vipande vinapokuwa viwili au vitatu, kwa kuwa macho hayawezi kulinganisha vipande saba vinavyokaribiana. Nguzo zilizochorwa kama masanduku yenye kina na vivuli ziachwe, maana hazionyeshi kipimo kwa usahihi.

Herufi ya aliyeketi nyuma

Ukubwa wa herufi hupangwa kwa kumfikiria aliyeketi kiti cha mwisho, ambaye pengine ni mzee mwenye macho dhaifu aliyechelewa kwa sababu basi lilichelewa kutoka Dongobesh.

Herufi zenye ukubwa wa 28 au 30 ndizo za chini kwa ukumbi wa kawaida, na kichwa kiwe kikubwa zaidi. Herufi zisizo na mikia husomeka vizuri ukutani kuliko zile za mapambo. Sentensi nzima kwa herufi kubwa tupu husomeka kwa shida na huonekana kama kelele.

Kuna jaribio la bei nafuu. Slaidi ichapwe kwenye karatasi ya A4, iwekwe sakafuni, kisha mtu asimame na kuisoma. Karatasi hiyo ina upana wa karibu sentimita 30, na ikitazamwa kutoka umbali wa mita moja na nusu huonekana kwa ukubwa ule ule wa skrini ya mita mbili inayotazamwa kutoka mita 10. Kisichosomeka sakafuni hakitasomeka ukumbini.

Rangi nazo zina masharti yake. Kumbi nyingi za wilayani zina madirisha mapana na mapazia mepesi, na mwanga wa mchana huifanya projekta ififie. Katika mazingira hayo, maandishi meusi juu ya weupe huonekana vizuri kuliko maandishi ya njano juu ya bluu iliyokolea, ingawa hayo ya pili hupendeza kwenye kompyuta.

Aidha, wapo watu, hasa wanaume, wasiotofautisha nyekundu na kijani. Rangi isibebe maana peke yake. Karatasi ya wakunga ina rangi, lakini ina maneno na mishale pia, hivyo asiyeona tofauti ya rangi hapotei.

Ramani kwa wakazi wa Hanang

Hakuna mahali ambapo uzito wa jambo hili unaonekana wazi kama chini ya Mlima Hanang, mlima wa volkano unaozidi mita 3,400 juu ya usawa wa bahari.

Asubuhi ya Jumapili, Desemba 3, 2023, kufuatia mvua kubwa, tope, mawe na magogo viliporomoka kutoka mlimani na kuingia mji wa Katesh na vijiji vya jirani. Zaidi ya watu 80 walipoteza maisha, wengine wengi walijeruhiwa na nyumba zikasombwa.

Kila anayesimama leo mbele ya wakazi wa eneo hilo kuzungumzia tahadhari anazungumza na watu waliozika ndugu zao. Slaidi yenye aya tatu kuhusu miamba, kujaa maji kwa udongo na vipimo vya mteremko inaweza kuwa sahihi kwa mtaalamu, lakini kwa mama mwenye nyumba kando ya mkondo haijibu swali lake la pekee: niende wapi, na lini?

Slaidi inayomjibu ni ramani. Si ramani yote ya wilaya yenye alama 40, bali ile yenye vitu anavyovijua: barabara kuu ya Babati hadi Singida, soko, shule, mkondo wa maji uliochorwa kwa rangi moja nzito, na mshale unaoelekea kwenye mwinuko salama. Juu yake iwepo sentensi ya kutenda: "Maji ya mto yakigeuka tope ghafla, ondoka bondeni mara moja." Ramani hiyo hiyo ikichapwa na kubandikwa ofisi ya kijiji na shuleni, itaendelea kusema baada ya mkutano kwisha.

Picha za maafa zinahitaji busara ya pekee. Picha ya nyumba iliyozama kwenye tope inaweza kueleza nguvu ya maji kuliko maneno 100. Lakini picha ya marehemu au ya majeruhi haifai kuonyeshwa mbele ya ndugu zake, hata kama ipo kwenye mitandao.

Lugha nne, ukumbi mmoja

Wilaya hizi mbili zina sifa adimu. Wairaqw wanazungumza lugha ya Kikushi, Wadatoga lugha ya Kinilo, wapo wazungumzaji wa lugha za Kibantu kama Kinyiramba, na katika bonde la Yaeda wapo Wahadzabe, ambao lugha yao yenye sauti za kidoko haina ndugu anayejulikana.

Kiswahili ndicho kinachowaunganisha, lakini kwa wengi wao ni lugha ya pili. Slaidi iliyonakiliwa kutoka kwenye taarifa ya Kiingereza, ikiwa imejaa vifupisho vya miradi, huwafungia mlango mara mbili.

Kiswahili cha slaidi kiwe chepesi, na kila kifupisho kitamkwe kwa kirefu mara ya kwanza. Mkutano ukihitaji mkalimani, slaidi zipungue zaidi, kwa sababu kila sentensi itasemwa mara mbili. Hapo ndipo picha na ramani huonyesha thamani yake.

Umeme ukikatika

Mtoa mada mwenye busara huandaa pia siku ambayo projekta haitawaka. Umeme hukatika, waya huwa wa aina nyingine, au programu ya kompyuta ya mwenyeji huwa ya zamani na kuvuruga herufi zote.

Tahadhari ni chache na hazina gharama kubwa. Nakala ya slaidi ihifadhiwe katika muundo wa PDF, ambao hauvurugiki kirahisi, kwenye flashi na kwenye barua pepe. Mtoa mada afike mapema, awashe vifaa na aende kuketi kiti cha nyuma aone kinachoonekana. Slaidi tatu zilizo muhimu zaidi azichore kwenye karatasi za bango kitita.

Aidha, katika PowerPoint kubonyeza herufi B kwenye kompyuta wakati slaidi zinaonyeshwa huufanya ukuta uwe mweusi. Ni njia nzuri ya kurudisha macho ya ukumbi kwa msemaji anapotaka kujibu swali. Akibonyeza tena, slaidi hurejea.

Slaidi peke yake haitoshi

Funzo la mwisho nalo linatoka Haydom, na ni la unyenyekevu. Baada ya mafunzo ya siku moja yaliyofanyika hospitalini hapo mwaka 2010, watafiti waliwapima wakunga miezi kadhaa baadaye. Utafiti huo, uliochapishwa mwaka 2013, ulionyesha kuwa walifanya vizuri zaidi kwenye mdoli wa mafunzo, lakini namna walivyowahudumia watoto halisi haikubadilika.

Zana zilikuwa nzuri na walimu walikuwa mahiri, ila siku moja haikutosha. Mabadiliko yalipatikana pale mazoezi ya dakika tatu hadi tano yalipoanza kufanyika kila wiki palepale wodini, na ndipo vifo vikashuka kutoka 11.1 hadi 7.2 kwa kila watoto 1,000.

Hivyo, swali la kwanza la mtoa mada halipaswi kuwa ana slaidi ngapi. Linapaswa kuwa hili: wasikilizaji wakitoka humu ukumbini, wafanye nini ambacho hawakuwa wakikifanya? Jibu la swali hilo likiandikwa kwa sentensi moja, ndilo linalostahili kuwa kichwa cha slaidi ya kwanza na maneno ya slaidi ya mwisho. Kisichosaidia jibu hilo kihamie kwenye kabrasha.

Waswahili husema akili ni nywele, kila mtu ana zake, na bila shaka kila mtoa mada ana mtindo wake. Lakini mkunga wa zamu ya usiku Haydom anahitaji kukumbuka dakika moja tu, na mkazi wa Katesh anahitaji kukumbuka mshale mmoja tu. Anayesimama mbele yao na projekta ana wajibu wa kuhakikisha kuwa dakika hiyo na mshale huo havikuandikwa kwenye mstari wa 15.